Kichwa cha roboti katika rundo la vyuma chakavu

Kando ya barabara itokayo Kasese kuelekea Bwera na mpaka wa Mpondwe, mji mdogo wa Kinyamaseke haujulikani kwa studio za filamu. Unachokuwa nacho mji wa barabarani kama huu ni gereji. Malori yaendayo Kasindi, upande wa Kongo, huvunjika springi na kuacha matairi yaliyokwisha. Bodaboda hubadilishwa cheni, plagi na shokapu. Redio na simu zilizokufa huachwa kwa fundi, na wenyewe wasirudi kuzichukua. Nyuma ya gereji hukua rundo. Kisha hufika gari la mnunuzi wa chuma chakavu, mzani ukatundikwa, na rundo likaanza safari ya kwenda kwenye tanuri za kuyeyushia chuma.

Kwa macho ya mnunuzi, kila kilichomo ni uzito. Kwa macho ya fundi wa filamu za bunilizi ya kisayansi, mle mna taya, mbavu, macho na injini za vyombo vya angani. Mtazamo huo wa pili ndio uliozaa baadhi ya viumbe mashuhuri zaidi wa sinema, na kwa vijana wa wilaya ya Kasese waliozoea spana hilo si jambo la mbali. Malighafi wanayo, na ustadi wa kuchomelea wanao. Kila gari linapoondoka, sehemu ya malighafi hiyo huenda bila mtu kuitazama mara ya pili.

Injini ya ndege iliyogeuka kichwa

Katikati ya miaka ya 1970, filamu ya kwanza ya Star Wars ilipokuwa ikitayarishwa nchini Uingereza, mpambaji wa mandhari Roger Christian alikuwa na vyumba vingi vya kujaza na fedha kidogo za kuvijaza. Akaenda kwa wauzaji wa ndege mbovu. Ndege zilizoondolewa kazini ziliuzwa kwa bei ya chakavu, naye akarudi na mabomba, vali na vipande vya injini, akavipachika ukutani mpaka chumba cha mbao kikawa tumbo la chombo cha angani. Kazi hiyo ilimpatia yeye na wenzake tuzo ya Oscar.

Miongoni mwa vipande vilivyotumika ni vyumba vya kuchomea mafuta vya injini ya ndege aina ya Rolls-Royce Derwent, madude ya chuma marefu yenye matundu mengi. Katika filamu hiyo ya kwanza, iliyotoka mwaka 1977, yalisimamishwa kwenye baa kama mitambo ya kumimina vinywaji. Katika ile iliyofuata, ya mwaka 1980, moja liliwekwa juu ya kiwiliwili cha chuma, likawa kichwa cha IG-88, roboti anayewinda watu kwa malipo. Anaonekana kwa sekunde chache tu wala hasemi neno, lakini wapenzi wa filamu hizo wanamkumbuka hadi leo. Upanga wa mwanga wa shujaa Luke Skywalker nao ulianza maisha yake kama mpini wa taa ya kamera ya zamani aina ya Graflex.

Miaka hiyohiyo msanii wa Uswisi H. R. Giger alikuwa akiunda mnyama wa filamu ya Alien, iliyotoka mwaka 1979. Alichanganya plastisini, pingili za uti wa mgongo wa nyoka na mirija ya kupozea ya gari la Rolls-Royce. Fundi wa rejeta angeitambua mirija ile kama angeoneshwa mchana. Katika giza la ukumbi wa sinema, alichokiona kila mtu ni mwili wa mnyama.

Kwa nini kipuri hudanganya vizuri kuliko kitu kilichochongwa upya kwa ajili ya filamu? Kwa sababu hakikutengenezwa kimpendeze mtu. Kila tundu lina sababu yake: hapa palipita mafuta, pale paliingia bolti, mbavu zile zilikuwa za kupoza. Mtazamaji hajui sababu hizo, lakini anahisi kwamba zipo. Mtu anayebuni mashine kichwani mwake tu huelekea kuyapanga matundu kwa usawa, mstari kwa mstari, na jicho hugundua mara moja kwamba hakuna kinachofanya kazi pale.

Kipimo cha jicho

Mafundi wa Star Wars walipounda vielelezo vidogo vya vyombo vikubwa, walinunua seti nyingi za plastiki za kuunganisha, zile za vifaru, manowari na ndege za vita, wakazivunja na kuzitawanya upya juu ya maumbo laini. Desturi hiyo haikuanza nao; mafundi wa filamu ya 2001: A Space Odyssey ya mwaka 1968 walikwisha kuitumia. Siri yake ni kwamba jicho halina rula. Likiona ubao mtupu wenye urefu wa nusu mita, linaona ubao wa nusu mita. Likiona ubao uleule umejaa vidude vidogovidogo, vijia na vipenyo, linaamini kwamba limesimama mbali sana na kitu kikubwa mno.

Kwa hiyo kabla ya gundi huja hesabu. Kipimo kinachotumika sana katika seti za ndege ni moja kwa 72: ndege yenye urefu wa mita 10 huwa na sentimita 14 hivi, na mlango wa mita 2 huwa na sentimita 2.8. Fundi anayeweka mlango mmoja wa kipimo hicho ubavuni mwa chombo chake, pamoja na ngazi ya waya mwembamba, amempa mtazamaji rula bila kumwambia. Akisahau na kuweka mlango wa pili ulio mkubwa mara mbili, chombo chote husinyaa na kuwa kitu cha kuchezea.

Palipo na seti za plastiki za dukani, kazi ni kuzivunja. Pasipo nazo, kama ilivyo sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, vipande vitoke ndani ya vyombo vilivyokufa. Kinanda cha kompyuta kikifunguliwa hutoa vibonye zaidi ya 100. Redio hutoa bao la saketi, ambalo likitazamwa kwa karibu ni mji mzima wenye minara na barabara. Saa mbovu hutoa gia ndogo kuliko punje ya mtama. Kalamu zilizoisha, vifuniko vya dawa, mitungi ya viberiti vya gesi iliyokwisha kabisa, vichwa vya sindano za kushonea mpira: hivi vyote ni mabomba na matangi ya meli ya angani. Sharti moja ni kwamba kipande kisitambulike. Kibonye kilichobaki na herufi yake huvunja uchawi wote.

Wakaliga, Kampala

Uganda ina mfano wake, na ulimwengu wa sinema unaujua. Katika mtaa wa Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana alianzisha mwaka 2005 kampuni ya Ramon Film Productions, inayojulikana zaidi kwa jina la Wakaliwood. Filamu yake Who Killed Captain Alex?, iliyotoka mwaka 2010, inasemekana iligharimu chini ya dola 200 za Marekani. Kompyuta iliunganishwa kwa vipuri, kitambaa cha kijani cha kuwekea picha za nyuma kilinunuliwa sokoni na kutandazwa ukutani, na jeki ya gari ikageuzwa kuwa mguu wa kamera. Fundi wa kundi hilo, Dauda Bisaso, aliunda silaha za maigizo kwa mabomba na vyuma vilivyotupwa. Baadaye kundi lilijenga kwa chakavu gamba la helikopta yenye ukubwa wa kuingia mtu.

Anayecheka filamu hizo, na kuna mengi ya kuchekesha, asikose kuona nidhamu iliyomo. Mwaka 2019 filamu yao Crazy World ilioneshwa katika tamasha la kimataifa la Toronto, na mwaka 2022 kundi la Wakaliga lilialikwa Kassel, Ujerumani, kwenye maonesho ya sanaa ya documenta. Lakini umaskini wa vifaa ulikuwa na gharama zake. Nakala safi ya Captain Alex haipo tena: Nabwana ameeleza kwamba ilimlazimu kuifuta ili kompyuta ipate nafasi ya filamu iliyofuata.

Nje ya Uganda, karibu zaidi na mambo ya Kasese ni filamu ya Neptune Frost ya mwaka 2021, iliyoongozwa na Saul Williams na Anisia Uzeyman na kupigwa nchini Rwanda. Inahusu wachimbaji wa koltani na wadukuzi wa kompyuta, na mavazi yake, kazi ya msanii wa Rwanda Cedric Mizero, yametokana na nyaya na vipande vya kompyuta zilizotupwa. Madini yatokayo kwenye udongo wa ukanda huu huingia katika simu, simu hufa, na mabaki yake humrudia mchimbaji kama vazi. Miongoni mwa lugha zinazosikika humo ni Kiswahili, jambo litakalowafurahisha wale wanaodhani kwamba watu wa wakati ujao huzungumza Kiingereza peke yake.

Nairobi nako, msanii Cyrus Kabiru amejipatia jina kwa miwani ya ajabu anayoiunda kwa waya, vijiko na mabaki ya vyombo, miwani ambayo ingefaa rubani wa sayari nyingine. Amesimulia kwamba alipokuwa mtoto alitamani miwani, na baba yake akamwambia ajitengenezee mwenyewe.

Mifupa kwanza

Kuunda chombo ni kubandika. Kuunda kiumbe ni kazi ngumu zaidi, kwa maana kiumbe lazima asimame, na akisimama lazima aonekane kwamba angeweza kutembea. Hapo wengi hukosea: huanza na kichwa, kwa kuwa ndicho kinachovutia, kisha hutafuta mwili wa kukibeba. Kanuni ni kuanza na mifupa.

Sokwe wa filamu ya King Kong ya mwaka 1933 alikuwa mwanasesere wa sentimita 45 hivi. Chini ya msimamizi wake Willis O'Brien, fundi Marcel Delgado alimuunda juu ya kiunzi cha chuma chenye viungo vya gololi, akakijaza nyama ya pamba na mpira, kisha akamvika ngozi ya sungura. Kiungo cha gololi kikikazwa sawasawa hubaki pale kilipoachwa, na ndiyo maana sokwe yule aliweza kusogezwa kidogo, akapigwa picha, akasogezwa tena. Sinema huhitaji picha 24 kwa sekunde moja. Dakika moja ya kiumbe anayetembea ni picha 1,440. Vidole vya mafundi viliyavuruga manyoya kati ya picha na picha, na kwenye filamu manyoya hayo yanaonekana yakitetemeka bila upepo.

Gereji ya bodaboda ina kiunzi cha namna hiyo tayari. Cheni ya pikipiki hupinda upande mmoja na kukataa upande mwingine, kama uti wa mgongo. Beringi kuukuu huwa bega. Spoku za baiskeli huwa mbavu, au miguu ya mdudu. Shokapu ndogo huwa paja, na haihitaji kuelezwa kwa nini: ni kitu kilichoundwa kubeba uzito, na jicho linakiamini. Kichwa kije mwisho, na kiwe chepesi. Kikizidi uzito, kiumbe huinama siku baada ya siku mpaka akaanguka kifudifudi.

Umbo nalo halina haja ya kutoka Hollywood. Milima ya Rwenzori ina kinyonga wa pembe tatu, ambaye kama asingekuwa hai hakuna mtunzi ambaye angethubutu kumbuni. Ziwa George na Ziwa Edward yana viboko. Kongoti, ndege mwenye kipara ambaye Kampala humwita kaloli, husimama juu ya majalala kama mzee aliyekosana na dunia. Fundi akichukua mwendo wa mnyama mmoja na ngozi ya mwingine, kiumbe wake atakuwa mgeni na wakati huohuo ataeleweka. Akibuni kila kitu, mara nyingi hupata fujo.

Baada ya mifupa na nyama huja rangi, na ndiyo inayovifanya vipande 50 vya asili mbalimbali kuwa kitu kimoja. Rangi ya kwanza ni moja tu, ya kijivu au nyeusi, kila mahali. Kisha huja rangi ya mwili. Kisha rangi nyeusi iliyozimuliwa mno humwagwa juu na kufutwa kwa kitambaa, ili ibaki mifereji tu. Mwisho, brashi iliyokaushwa, yenye alama tu ya rangi ya fedha, hupitishwa kwenye kingo zinazojitokeza, pale ambapo chuma halisi kingekuwa kimechubuka. Kutu ya kweli haifai juu ya kielelezo kidogo, ingawa ipo bure: magamba yake ni makubwa mno, na mtu wa sentimita 2 angeonekana amesimama kando ya gamba lenye ukubwa wa sahani. Vumbi jekundu la barabarani likichekechwa kwa kitambaa chepesi hufanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Simu ya mkononi hutosha kupiga picha. Iwekwe chini, lenzi ikiwa usawa wa goti la kiumbe, kwa sababu anayetazama kutoka juu huona kitu kidogo. Kielelezo kikianguka au kikilipuka, kipigwe kwa kasi kubwa kisha kioneshwe polepole, maana kitu kidogo huanguka upesi kuliko kikubwa. Hesabu yake ni kipeuo cha pili: kielelezo kilichopunguzwa mara 25 kinahitaji kasi mara 5, yaani picha 120 kwa sekunde badala ya 24, na simu nyingi za siku hizi zinaiweza kasi hiyo.

Yasiyofaa kuguswa

Chakavu kina mambo yake. Betri ya gari ikivunjwa hutoa asidi na risasi, na risasi hudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Tangi la petroli lililo tupu hulipuka likichomelewa, kwa kuwa mvuke hubaki ndani. Mabati yakichomelewa hutoa moshi wa zinki unaoleta homa na baridi usiku uleule. Rangi yake ya fedha ikwanguliwe kwanza, na kazi ifanyike penye upepo. Televisheni za zamani zenye kioo kinene hukaa na umeme hata baada ya kuchomolewa. Nyaya zisichomwe moto ili kupata shaba. Na katika nchi zilizopitiwa na vita, pande zote mbili za mpaka, chuma kisichojulikana chenye umbo la chupa au yai kisiokotwe kabisa: kiachwe pale kilipo, na wenye mamlaka waambiwe.

Kuna la mwisho ambalo mafunzo ya kigeni hayalitaji. Bunduki za bandia za Wakaliga zimewachekesha watazamaji wa mabara yote. Bwera na Mpondwe ni mahali pengine. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023, shambulio katika shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, liliua zaidi ya watu 40, wengi wao wanafunzi, na ukanda huu wa mpaka umebaki na askari wengi na usingizi mwepesi. Kijana anayekatiza barabara jioni akiwa na bomba lililopakwa rangi nyeusi na kufungwa kitako cha mbao hawezi kutarajia kwamba askari, au mama aliyempoteza mwana, atasubiri maelezo. Hapa kinyonga wa chuma ana nafasi kubwa kuliko bunduki ya bati, na kwa kweli ni kazi inayohitaji ufundi zaidi.

Kasese, baada ya yote, imekwisha kuona takataka zikigeuka. Reli ilifika mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, na kwa miongo kadhaa mabaki ya madini hayo yalilundikwa kama kitu kisicho na kazi. Kuanzia mwaka 1999 kiwanda cha kobalti kiliyachimbua mabaki hayohayo, na waliofanya kazi ya kuyeyusha mawe hayo walikuwa bakteria, waliofugwa katika matangi makubwa yenye tindikali. Vijidudu vinavyokula mawe na kuacha madini: mtunzi wa bunilizi angeambiwa amezidisha. Na kule Katwe, kando ya ziwa la chumvi, kiwanda kilichojengwa ili kuchakata chumvi hiyo kiliharibiwa na chumvi yenyewe, ikala mabomba yake. Magofu yake yamesimama na kutu yake, kwa ukubwa wake halisi, yakiwa na ngazi, matangi na milango ambayo fundi wa vielelezo angeipima kwa rula na kuipunguza mara 72.